Mzigo Ulikaa Mbele

Nyapara wetu nilimchukia kabla hata gari halijaanguka mara ya pili, na sioni sababu ya kuficha. Alikuwa mtu wa kwetu Shinyanga, ujana wake wote ameumalizia kuswaga maksai wa mikokoteni ya pamba, na alidhani kila chenye gurudumu lazima kifuate sheria za maksai.

Mwanzoni mwa miaka ya hamsini, mgodini kwetu upande wa Geita, lilikuja gari dogo la betri la kupeleka mizigo kutoka stoo hadi karakana. Lilikuwa na gurudumu moja mbele na mawili nyuma. Halikunguruma, kwa hiyo tukaliita Bubu. Nilipewa mimi kuliendesha, na mpakiaji akawa shemeji yangu, mume wa mdogo wangu wa kike. Kazi nilimtafutia mimi. Mdogo wangu alimleta mwenyewe hadi mlangoni pangu akasema, "Kaka, nakukabidhi."

Wiki ya kwanza lilitupindukia kwenye kona ya karakana, penye mteremko. Hatukuumia. Fundi wa umeme akatuchorea mchangani kwa kijiti: uzito ukikaa mbele umeegemea gurudumu moja, na ukikata kona kwa kasi gari linalala ubavu. Vizito viwe nyuma, juu ya yale magurudumu mawili, vilazwe chini, na mwendo upunguzwe kabla ya kona, si ndani yake. Nilichukua chokaa nikapiga mstari kwenye sakafu ya gari. Mbele ya mstari ule hakikuwekwa kitu kizito, na kwa miezi kadhaa Bubu halikuinua gurudumu.

Ndipo huyu bwana nyapara akahamishiwa kwetu. Mkokoteni wa maksai una magurudumu mawili tu. Ukipakia nyuma, mti wa nira unapaa na kuwakaba wanyama shingo. Kwa hiyo mzigo husogezwa mbele. Kwa ng'ombe alikuwa sahihi, nakubali kwa shingo upande.

"Bebe!" alinifokea. Kwa Kisukuma hiyo ni "wewe" tu, lakini kinywani mwake lilikuwa tusi. "Nani kakufundisha kupakia nyuma? Unataka kunyonga ng'ombe?"

"Ng'ombe wako wapi, mzee?" nikamuuliza.

Wapakiaji walicheka hadi wakashika mbavu. Yeye hakucheka. Aliagiza gunia lililoloweshwa maji, akasimama pale hadi mstari wangu ukafutwa wote. Tangu siku hiyo alisimamia upakiaji mwenyewe, na mimi nikaacha kumwamkia.

Asubuhi moja alipanga mifuko ya saruji mbele, nyuma tu ya mgongo wangu, ikarundikwa hadi usawa wa mabega. Shemeji alinisogelea.

"Shemeji, tuirudishe nyuma?" aliuliza kwa sauti ya chini.

Nyapara alikuwa ameshika kiuno, anatutazama. Nilikuwa na hasira hadi masikio yanawaka moto. Nilitaka gari liyumbe mbele ya macho yake, saruji imwagike, apate aibu ya kumtosha mwaka mzima.

"Panda twende," nikasema.

Akapanda juu ya mifuko, miguu ikining'inia pembeni kama kawaida yake. Kwenye kona sikupunguza mwendo. Bubu liliinua gurudumu la nyuma taratibu, karibu kwa upole, kisha likalala. Mimi nilirushwa kwenye vumbi, nikasimama mzima. Mguu wa shemeji ulikuwa chini ya ubao wa gari, na mifuko juu yake. Hospitalini waliukata chini ya goti.

Jioni nilikwenda kwa mdogo wangu. Nilimweleza yote: maksai, mstari wa chokaa, gunia la maji, ubishi wa yule mzee mpumbavu. Nilimtukana nyapara hadi mate yakanikauka. Alinisikiliza akiwa amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani.

"Nani alikuwa anaendesha?" akauliza.

"Nyapara ndiye aliyepanga mifuko."

"Sijakuuliza mifuko, kaka."

Niliaga nikatoka. Njiani ndipo nilipokumbuka kwamba nilipoingia hakuniambia shikamoo. Hakuniambia tena hadi anaingia kaburini.