Asali ya Wakili

Juzi nilizima runinga kabla mama hajatoka chumbani, maana waziri yule alikuwa anasema mila zetu zilindwe.

Mimi namfahamu tangu akiwa wakili, kabla ya ubunge. Baba alikuwa ameshafariki, lakini nyumba yetu Sikonge bado ilinuka tumbaku yake. Mchana mmoja, nikiwa bado mtoto, wakili alikuja, viatu vikimlia, pamoja na baba mkubwa, kaka yake baba. Mama akapiga magoti. "Shikamoo, bwana wakili." "Marahaba, mama," akajibu kwa upole mno, nami nikaamini amekuja kututetea. Nikamnawisha mikono, nikamletea asali ya mzinga wa mwisho aliotundika baba.

Alikula, akaramba vidole, ndipo akafungua faili na kusoma hukumu ya kesi aliyomshindia baba mkubwa: nyumba na shamba ni vya ukoo, kwa kuwa baba hakuacha mtoto wa kiume. Sikuelewa hata neno moja. Mama hakuinuka pale chini.

Akiaga, alinishika kichwa. "Mtoto huyu ana adabu."

Nilifurahi, nikakimbia kumfungashia asali yote iliyobaki. Niliporudi ndani kumweleza mama, alikuwa anafunga mikeka yetu.