Mshipi Tulioununua Wabera

Juzi nilipita kwa mama mmoja anayetunga shanga kando ya barabara mjini Isiolo. Alikata uzi wake wa nailoni, akawasha kiberiti na kuichoma ncha ili fundo lisifunguke. Ule moshi mdogo, mchungu na mtamu kwa pamoja, ukanipiga puani nikasimama kama mtu aliyeitwa kwa jina. Yule mama akadhani nataka mkufu. Sikutaka mkufu, ndugu zangu. Nilikuwa nimerudishwa, bila kupenda, kwenye siku moja nilipokuwa na miaka kumi na miguu isiyojua kutulia.

Siku hiyo mama yangu alipelekwa hospitali alfajiri, mimba yake ikiwa haijafika wakati. Baba alikwenda naye. Mimi niliachiwa shangazi Akiru, dada mkubwa wa baba, aliyekulia kando ya Ziwa Turkana na aliyekuja kukaa nasi ili amsaidie mama. Nilifagia uwanja, nikaufagia tena. Nilikunja blanketi, nikalikunjua. Simu ya jirani ikilia, mimi ndiye niliyeshtuka. Shangazi alinitazama nikiingia na kutoka, mwisho akasema, "Mama yako atataka supu ya samaki. Twende tumtafutie."

Lazima niwaambie kwamba mtaani kwetu samaki alikuwa kichekesho. Majirani wengi walikuwa watu wa ng'ombe na ngamia, na kwao shangazi alikuwa "mama ya nyoka ya maji." Yeye alicheka nao, kisha akawapelekea vipande vya kukaanga, na sahani zikarudi tupu.

Ndoana alikuwa nazo, amezichomeka kwenye kipande cha ndara kuukuu. Mshipi, ule uzi wa nailoni wa kuvulia, ndio haukuwepo. Ule wa zamani mama alikuwa ameumaliza kwa kutungia shanga. Tukaenda kwenye maduka ya Wabera kwa miguu, mimi mbele, yeye nyuma, nikigeuka kila mara kumhimiza.

Katika duka la kwanza niliuona dirishani: mnene, wa buluu, unang'aa kama peremende. "Huu, Shangazi!" Yeye akaomba kipande, akakilowesha kwa maji ya chupa yake, akafunga fundo, akavuta. Tap! Ukakatika kama tambi kavu.

"Jua limeula," akasema. "Kitu kikikaa dirishani, kinajua kupendeza tu."

Duka la pili lilikuwa la Mzee Guyo, aliyeuza misumari, kamba na kila kitu ambacho wengine walisahau kuuza.

"Salaam aleikum, Mzee."

"Aleikum salaam, mama ya samaki! Leo unataka nini?"

"Mshipi. Si ile ya dirishani. Nataka ile umeficha."

Mzee akacheka, akavuta droo na kutoa mshipi uliofungwa kwa gazeti, mwembamba, rangi ya chai ya maskini. Mimi niliudharau papo hapo. Shangazi akaanza kuupitisha kati ya kucha na kidole gumba, pima kwa pima, akitafuta mahali penye mkwaruzo. Akaunyoosha na kuuachia, aone kama utabaki umejikunja. Akafunga fundo, akalitia mate kabla ya kulikaza, kwa sababu, alisema, fundo kavu hujiunguza lenyewe. Halafu akauzungusha kwenye mguu wa meza ya Mzee, akavuta mpaka meza ikasogea.

"Wewe! Samaki gani iko na nguvu ya meza?" Mzee akauliza.

"Utaijua ikikushika."

Akafungua fundo. Akalifunga upya, akaichoma ncha kwa kiberiti, moshi mchungu ukatupiga puani. Akavuta tena. Mimi nilikuwa nachemka. Nilikanyaga mguu huu, nikakanyaga ule, nikasema twende, nikasema tena twende, na mara ya tatu maneno yakanitoka kwa sauti ambayo sikuijua: "Mama anaweza kufa na wewe unavuta meza!"

Mzee Guyo akaacha kutabasamu. Nilingoja kofi. Shangazi hakunipiga, hata hakunikaripia. Alinishika mikono, akanizungushia mshipi viganjani.

"Vuta wewe."

Nikavuta. Nilivuta kwa hasira yote niliyokuwa nayo, nikalia nikivuta, mpaka ukaniacha mistari miekundu viganjani. Haukukatika.

"Basi," akamwambia Mzee. "Tunachukua huu."

Pikipiki ilitufikisha Gotu jua likiwa juu. Mto Ewaso Nyiro ulipita kati ya mawe, maji yake mazito na ya kahawia. Shangazi alinionyesha mahali mamba walipozoea kuota jua, akanikalisha mbali na hapo, juu ya mwamba. Tulitia chambo cha matumbo ya mbuzi. Kila baada ya muda mfupi alipanda juu na simu yake kutafuta mtandao, akashuka na kutia chambo kingine.

Kambare aliposhika, nilitaka kuvuta kama nilivyovuta dukani.

"Mwachie aende!" akapiga kelele kutoka juu. "Mpe! Sasa kusanya. Polepole!"

Nikampa, nikakusanya, nikampa tena, mshipi ukilia juu ya maji, mpaka samaki akachoka na kuletwa mwambani, mrefu kama mkono wangu, masharubu yake yakitikisika. Nikacheka. Kisha nikaona haya kwamba nimecheka.

Tulirudi jioni. Baba alikuwa ameketi mlangoni, viatu bado miguuni.

"Mama yako ni mzima," akaniambia. Akainamia viatu vyake. "Mtoto hakukaa."

Nilisimama na samaki wangu mkononi, na hakuna aliyeniambia nimweke wapi. Shangazi ndiye aliyempokea. Akaketi chini, akachukua kisu akaanza kumpasua, na kisu kikaiponyoka mikono ile iliyokuwa thabiti mchana kutwa.

Kesho yake tulipeleka supu hospitalini ndani ya thamosi. Mama aliinywa yote. Akauliza nani alimvua samaki, nikasema ni mimi, akanivuta kifuani akalia.

Miaka mingi baadaye, nikiwa mtu mzima, nilimuuliza shangazi kwa nini siku ile alikawia vile dukani.

"Niliogopa kuliko wewe," akasema. "Mama yako alikuwa kwa daktari, na mtoto kwa Mungu. Mimi sikuwa na kitu cha kushika. Nikashika mshipi."

Kumbe. Kwa utoto wangu nilidhani mwenye uchungu ni yule anayekimbia na kupiga kelele, na anayekwenda polepole hajali. Nilisimama kando yake asubuhi nzima nikimlaumu, naye alikuwa anaomba kwa vidole vyake, pima kwa pima.