Pimatena na Baraza la Mama Mshonaji

Fundi wa mabaraza ya vioo mtaani kwetu anaitwa Pimatena. Jina alilopewa na wazazi wake lipo, lakini hata mkewe halitumii. Mdomo wake mwenyewe ndio uliomponza. Ukimwambia ukuta wako una urefu kadhaa, atakujibu, "Pima tena." Ukishapima tena, atatoa tepu yake apime yeye.

Karakana yake inatazamana na chumba nilichopanga, na kwa kuwa miguu yangu haikuzoea kukaa ndani, nikawa nashinda pale. Ni banda la mabati. Alumini ndefu ndefu zimeegemea ukuta mmoja, na vioo vimesimama ukuta wa pili, vimetenganishwa kwa magazeti. Wako wawili tu. Yeye hukata na kuunga fremu, na shemeji yake, mdogo wa mkewe, huvisha vioo mipira na kuziba mianya kwa silikoni. Mkono wa dada yule hautetemeki. Mdomo wake nao haupumziki.

"Shemeji, leo unakata fremu au unakata kiu?" humwuliza akimwona na kikombe cha chai.

"Vyote, shemeji. Wewe ziba. Anzia mdomo wako."

Kazi yao ni kuzungushia vioo mabaraza yaliyo wazi, ili mtu apate chumba kinachoingia jua na kisichoingia mvua wala vumbi. Cha kwanza Pimatena alimjengea mama yake, wakati huo hana mbele wala nyuma, kwa madirisha ya basi bovu aliyoyapata kwa wauza vyuma chakavu. Dirisha moja lilikuwa bado na maandishi: USITOE KICHWA NJE. Basi mama akikaa pale kuchambua mboga, wapita njia walikuwa wakimwita, "Konda, shusha!" Naye akijibu, "Hapa hapashushwi, songa mbele!" Alikipenda chumba kile mpaka mwisho wake. Nadhani hapo ndipo kazi hii ilipomwingia mwanawe rohoni.

Haya, nirudi nilikokuwa nakwenda. Nyumba ya pili kutoka kwangu anakaa mama mshonaji, mjane, na nguo nyingi za mtaa huu zimepita mikononi mwake. Cherehani yake ilikuwa barazani, vumbi likamharibu kifua. Binti yake akamwita Pimatena azungushe vioo, akachagua vile vya giza ambavyo aliye nje haoni ndani. Pimatena naye alivipenda. Ilikuwa kazi yake nzuri kuliko zote. Vijana walisimama mbele ya vioo vile kuchana nywele.

Hazikupita siku nyingi, mzazi mmoja akarudisha sketi ya shule. Ni ya bluu iliyokoza, na pindo limeshonwa kwa uzi mweusi. Mama akaomba radhi. Ikarudi suruali, hivyo hivyo.

"Mama, macho yamechoka," binti akamwambia. "Tuiuze cherehani, upumzike."

Mama alichukua shuka akaifunika cherehani mchana kweupe, na mimi, niliyepita kumsalimu, nimekaa pale barazani kwake na kikombe changu cha chai. Sikujua niangalie wapi.

Nilipolisimulia jambo hilo karakanani, Pimatena aliweka drili chini.

"Mzee, kabla ya vioo, aliwahi kukosea rangi?"

"Sijapata kusikia."

Akatoka bila hata kuvua aproni. Shemeji na mimi tukamfuata.

Alimwomba mama roli mbili za uzi, wa bluu na mweusi, akazishika mbele yake pale pale ndani ya vioo. "Mama, mweusi ni upi?"

Mama akazisogeza machoni, akazirudisha nyuma, akaonyesha ule wa bluu.

"Mmeona wenyewe," binti akasema kwa huzuni.

"Haya na wewe, shemeji," Pimatena akasema. Shemeji akachagua kwa kujiamini, akakosea. Mimi pia nilikosea. Ndipo fundi akamshika mama mkono, akamtoa nje hadi kwenye ngazi. "Na hapa?"

"Huu mweusi, huu bluu. Wewe mwanangu, umenigeuza mtoto wa chekechea?" Halafu akageuka kuvitazama vile vioo. "Kumbe macho yangu ni mazima!"

Pimatena alisimama akiitazama kazi yake. "Ukuta nilipima," akasema. "Mlango nilipima. Sikuuliza mama anakaa hapa kufanya nini."

"Basi pima tena, shemeji," dada yule akamwambia, na safari hii hakucheka.

Binti alikuja juu. "Mtaweka vioo vyeupe, vya kuonyesha ndani? Kila anayepita atamwona mama!"

"Waache wanione," mama akasema. "Wasiponiona watajuaje kama nipo kazini? Jua likizidi, pazia nitashona mwenyewe."

Kuving'oa vile vya giza ilikuwa shughuli. Shemeji alikwangua silikoni kwa wembe huku akilalamika, "Nani huyu aliziba hivi? Ana roho mbaya sana." Kioo kimoja kilipasuka, Pimatena akakipa pole kama mtu. Vilivyobaki vikaenda kwenye dirisha la chumba cha shemeji, maana jua la asubuhi humwamsha na yeye hapendi. Vyeupe vilipokaa mahali pake, mama alilitoa shuka, akafumua pindo la ile sketi, akatunga uzi wa bluu kwenye sindano bila kuomba msaada. Binti ndiye aliyekwenda kuirudisha kwa mwenyewe.

Zile roli mbili mama alimpa Pimatena. Anazibeba kwenye mfuko wa tepu. Jana alikuja bwana mmoja anataka baraza la vioo vya giza, kama alilowahi kuliona mtaani huku. Pimatena akamwuliza nani atakaa humo na atafanya nini, akamsimamisha nyuma ya kioo cha giza, akatoa nyuzi.

"Fundi, nimekuja kuagiza vioo au kupimwa macho?"

"Vyote viwili, baba," shemeji akamjibu kutoka nyuma ya fremu. "Sogea, usiogope. Hapa wote tumeshafeli."