Namba Nyuma ya Ungo

Dada yangu Benadetha ni fundi cherehani wa Mitwero, mwanamke ambaye akikata sare ya shule hapimi mara mbili. Mkasi wake hauna wasiwasi. Lakini mwaka ule simu za mkononi zilipofika mpaka kwetu, na yeye akanunua yake kwa jasho la cherehani, ujumbe mmoja tu ulimshinda kuutuma, nami nusura nimnyonge.

Chanzo ni msiba wa babu kule Nyangamara. Eusebio, mnunuzi wa korosho kutoka Rondo, ni mtani wetu, na mtani msibani hana adabu. Ndiyo kazi yake. Alivaa koti la marehemu, akakohoa kama babu, akakalia sufuria la wali mpaka alipopewa kuku. Kisha akamnyooshea Benadetha upawa. "Huyu mwenye miguu ya korongo ni mke wangu. Zikeni upesi niondoke naye!" Watu wakacheka huku wanalia.

Jioni, wanawake wakiosha vyombo, akaokota kipande cha mkaa akaandika namba yake ya simu nyuma ya ungo wa shangazi Ziada. "Ukifika, niandikie," alisema taratibu, akaondoka. Benadetha akauiba ungo. Tulirudi nao Mitwero umefunikwa kanga kama mtoto mchanga.

Hapo ndipo taabu ilipoanza. Alimpenda, hilo aliniambia waziwazi. Lakini maneno ya mtani utayapimaje? Akimwandikia kwa moyo wake wote, kumbe mwenzake alikuwa kazini tu, habari hiyo itasimuliwa katika kila msiba kutoka Rondo hadi Lindi, mpaka siku ya kuzikwa yeye mwenyewe. Basi akawa anaandika na kufuta, anaandika na kufuta. Kuihifadhi namba simuni hakutaka, eti ni kujipa tamaa. Na ungo hakuna kuugusa, mkaa usije ukafutika. Wetu ulikwisha toboka zamani, kwa hiyo tukawa tunakula wali wenye mawe.

"Mwandikie 'habari za siku'," nilimwambia.

"Habari za siku? Kwani yeye mtendaji wa kijiji?"

"Basi mwambie umemkumbuka."

"Mary, una wazimu!"

Siku niliyotafuna jiwe mpaka jino likalia, uvumilivu uliniisha. "Mtani hujibiwa kwa utani," nikafoka. "Mtukane! Akicheka, nawe ulikuwa unacheka."

Hilo likamwingia. Akaandika: "Wewe mwizi wa koti la marehemu, hata kukohoa hujui." Akafumba macho, akabonyeza, akaitupa simu kwenye kapu la vitambaa kama imemuunguza.

Jibu lilikuja tumekwisha kata tamaa, yeye akiwa ameshona mkono wa shati nje ndani. Nilisoma mimi, maana yeye alikataa kuangalia.

"Dada Benadetha, asante kwa ujumbe. Natumaini hujambo, na wote nyumbani hawajambo. Nimefurahi sana. Ni mimi, Eusebio."

Akaangua kilio. "Hanitaki! Hata kunitukana kashindwa!"

"Mjinga wewe," nikamwambia, na machozi yananilenga mimi pia kwa furaha. "Mtu aliyekalia sufuria la msiba, leo anauliza kama wa nyumbani hawajambo? Utani umemwisha. Huyo kapatikana."

Simu ikalia tena. "Koti ninalo. Naomba nililete mwenyewe Jumapili, kama hamtanifukuza."

Benadetha alisoma, akarudia kusoma. Kisha akainuka, akautungua ungo ukutani, akamimina mchele, akaanza kupepeta. Mkaa ulimchafua vidole vyote, wala hakujali. Siku hiyo tulikula wali usio na jiwe hata moja.