Mkeka wa Waliotolewa

Nilipokuwa kidato cha pili, katika shule ya bweni ya wasichana pale Garissa, tulikuwa wanane chumba kimoja, na kwa muhula mzima tuliishi kama watu wa televisheni.

Kila Jumamosi, usafi ukiisha, matroni alituwashia televisheni ya ukumbi wa chakula. Sisi wa chumba chetu tulingojea kipindi kimoja tu, cha vijana waliofungiwa nyumba moja, wakipika, wakigombana, na kila wiki wakipiga kura kumtoa mmoja wao. Tulizijua tabia zao kuliko tulivyozijua hesabu.

Kabla ya hapo hatukuwa kitu kimoja. Mimi nilitoka Bura, baba yangu muuza mbuzi. Alikuwepo binti wa mjomba wangu, niliyekua naye. Mmoja alitoka Hagadera, kambi ya wakimbizi, akisoma kwa ufadhili. Mmoja alikuwa Mkristo wa Machakos, baba yake askari aliyehamishiwa kwetu. Waliobaki walitoka hapo hapo mjini. Bweni ndilo lililotupanga pamoja, lakini kipindi ndicho kilichotufundisha kusema "sisi". Tulijiita Nyumba. Tukafunga uzi mwekundu mkononi, chini ya mikono mirefu ya shati, mwalimu asiuone. Tukachota maji pamoja, tukala meza moja. Nyumbani nilikuwa na ndugu wengi, lakini ndugu hawakuchagui. Hawa nilidhani wamenichagua, na nilitembea uwanjani nikijiona mrefu.

Wazo la kura lilikuwa langu. Sina wa kumsingizia.

"Nyumba bila kura ni bweni tu," niliwaambia.

Tukakata vijikaratasi, tukavitia kwenye kikombe cha plastiki baada ya swala ya alasiri. Atakayetolewa angekata uzi wake, asile nasi, wala asiguse mkebe wa nyirinyiri, ile nyama kavu ya ngamia ambayo mama zetu walitutumia kutoka nyumbani.

Wa kwanza kutolewa alikuwa yule wa Hagadera. Nilimwandika mimi, na wengine watano wakamwandika pia. Hakuwa na kosa. Alikuwa mpole, viatu vyake vimeshonwa mara nyingi, na alitamka p kama b hata kutuzidi sisi Wasomali wenzake.

"Nimekosa nini?" aliuliza.

"Si ubaya," nikamjibu, kwa sauti ile ile ya wale wa kwenye kipindi. "Ni mchezo tu."

Alikata uzi kwa meno, akachukua sahani yake na mkeka wake wa plastiki, akaenda kukaa kivulini nyuma ya tangi la maji.

Wiki iliyofuata tulimtoa wa Machakos. Wiki ya tatu, msichana wa mjini aliyekoroma. Kila mmoja alipotoka alielekea kule kule kwenye tangi, maana hakuwa na pengine pa kwenda. Sisi wa mezani tulibaki watano na kimya chetu. Tulitazamana midomo wakati wa kula, kila mtu akipima nani ananong'ona na nani. Kutoka nyuma ya tangi tulisikia vicheko. Siku moja binti wa mjomba aliuliza, "Wanacheka nini hao?" Tukaendelea kutafuna, ila wote tulikuwa tumesikia.

Wiki ya nne nilitolewa mimi. Nilivisoma vile vijikaratasi kwa mkono wangu, na kwenye kimoja nikauona mwandiko wa binti wa mjomba wangu, ile r yake iliyopinda niliyoijua tangu madrasa. Nilikata uzi, nikapanda kitandani, nikajifunika shuka gubigubi na joto lile la Garissa. Chakula cha mchana cha Jumapili kikapita sijashuka. Kwenda kwenye tangi niliona aibu, kwa kuwa wote waliokuwa kule nilikuwa nimewaandika mimi.

Kisha nikasikia mtu amesimama kando ya kitanda.

"Abaayo," aliniita. Ni neno letu la kumwita dada. Alikuwa yule wa Hagadera, ameshika sahani ya wali na maharagwe. "Shuka. Chakula kinaboa."

Nyuma yake msichana wa Machakos aliangua kicheko. "Kinapoa! Kikiboa ni kwamba kimetuchosha!"

"Hiki kimetuchosha pia," akasema mwenzake bila kugeuka, nasi sote watatu tukacheka, mimi machozi yakinitoka.

Nilimuuliza kama hakunikasirikia.

"Nilikasirika siku tatu," alisema. "Zaidi ya hapo Waislamu tumekatazwa kununiana. Sasa shuka, tafadhali, mkono unaniuma."

Nikashuka. Kwenye mkeka walisogea, nikapata pa kukaa. Hakuna aliyenitaka niombe radhi, nami niliomba hata hivyo, vibaya, kwa kigugumizi. Pale ndipo nilipojua walichokuwa wakicheka. Wa Machakos alikuwa akijifunza Kisomali, na wa Hagadera akiwafundisha wote hesabu kwa kijiti mchangani, kwa mifano ya punda na mikokoteni ya sokoni kambini.

"Mnajua shida ya kile kipindi?" wa Machakos alituambia siku hiyo. "Mtu akitolewa, kamera haimfuati. Unadhani amekufa. Kumbe yuko mahali anakula."

Baada ya wiki mbili meza ile ilibaki na watu wawili wasioweza hata kupigiana kura. Wakaja na sahani zao. Binti wa mjomba alikuwa wa mwisho. Alisimama mbali kidogo, akichezea uzi wake, mpaka nikamwambia, "Kaa basi, jua linakuunguza." Kuanzia hapo mkeka haukututosha, tukaongeza wa pili.

Leo mimi ni mwalimu wa shule ya msingi huko kwetu Bura. Sikukichukia kipindi kile, wala siwakatazi wanafunzi wangu kutazama vya sasa kwenye simu za kaka zao. Bila kile kipindi labda tungemaliza miaka minne tukipishana mlangoni. Nikiona tu wanaanza kutoana, naketi na yule aliyetolewa, nakula chakula changu hapo.

Mwezi uliopita nilimpigia simu yule wa Hagadera. Amerudi kambini, ni mkalimani katika zahanati. Nilimwambia kwamba kwa miaka yote hii nimekuwa nikitaka kumshukuru kwa ile sahani.

"Sahani gani?" aliuliza.

Nikamweleza kura, uzi, tangi. Alisikiliza, akacheka. Tangi analikumbuka. Kura haikumbuki hata kidogo.

"Mimi nakukumbuka kwa nge," alisema. "Aliponiuma mguu, wewe ndiye uliyenibeba mgongoni mpaka kwa muuguzi, na njia nzima unanisomea dua na kuzikosea. Wallahi, huwa nakuombea kwa ajili ya siku ile."

Nilijaribu kuikumbuka siku hiyo nikashindwa. Nikamwambia tu, "Alhamdulillahi," naye akaitikia, kisha akaniuliza habari za mama.