Tumbo la Bibi na Kiingereza Changu

Ipo siku moja, mjukuu wangu, ambayo hunirudia kila ukungu unapopanda kutoka Mazinde na kulala juu ya chai. Sogea karibu, acha hiyo simu kidogo. Asubuhi umenichekesha uliponisomea maneno ya ajabu ya Kiingereza, na tangu hapo nimekaa kibarazani mwili tu. Roho iko Mponde ya zamani, nina miaka kumi na tisa.

Mwalimu mmoja mstaafu alipohama kurudi Tanga aliniachia kamusi nene ya Kiingereza, jalada limeng'oka. Weee, nilipendana nayo! Wenzangu walikwenda kuchuma chai na tenga, mimi nilikwenda na tenga na kamusi. Maneno ya kawaida sikuyataka. Nilitaka yale yanayotekenya mdomo: higgledy-piggledy, yaani shaghalabaghala, flabbergasted, kupigwa na butwaa, lollygag, kuzurura na kupoteza muda, ambalo mama angelijua angeniita hivyo kila siku. Na kipenzi changu, collywobbles: tumbo kuvurugika kwa woga, kama la mtoto anayesubiri kuitwa mbele kuimba kanisani siku ya Krismasi. Nilikuwa nikilirudia taratibu katikati ya chai, ukungu unaniloanisha nywele, sijui niko nchi gani.

Basi bibi yangu, mzaa mama, akaanza kuumwa. Wakati huo daktari mmoja Mwingereza alikuwa amekuja kwa wiki mbili kwenye zahanati ya bondeni. Huku kwetu mama mtu mzima hamwelezi mwanamume mgeni maradhi yake ya ndani. Husema mjukuu wa kike, naye bibi anakaa pembeni ameinamisha kichwa. Nikachaguliwa mimi, kwani si mimi ndiye msomi? Nilifurahi, Mungu anisamehe, nilifurahi kama naitwa harusini.

Njiani tulipumzika kando ya mfereji. Bibi akanishika mkono.

"Mjukuu wangu, umwambie natoka damu. Nilishakoma miaka mingi, sasa inarudi. Hata mama yako sijamwambia."

"Nitamwambia, bibi."

Tulipofika, muuguzi ambaye kwa kawaida hutafsiri alikuwa ameitwa kwa mama anayejifungua. Tukabaki watatu chumbani. Daktari akaniuliza bibi ana nini. Damu, kwa Kiingereza, ni neno fupi la shule ya msingi. Niliona haya, mwanangu, na si haya ya ile damu. Niliona haya kusema Kiingereza chepesi mbele ya mwenye Kiingereza chake! Nikajinyoosha, nikamwambia bibi yangu ana collywobbles. Nikaongeza kwamba nyumba nzima tuko flabbergasted.

Yule daktari alicheka mpaka akapiga meza. Hakuwa mtu mbaya. Aliniambia neno lile mara ya mwisho alilisikia kwa bibi yake mwenyewe. Akaandika dawa ya tumbo, akatuaga kwa tabasamu.

Bibi aliinua kichwa mara moja tu, akaona meno ya yule mzungu. Akajifunga kanga vizuri, akatoka. Mlima wote aliupanda akinitangulia. Dawa hakuigusa. Siku ya tatu alikuwa hali chakula, amegeukia ukutani, na mama anazunguka nyumba akilia jikoni kusikokuwa na mtu. Nilipompelekea uji, bibi akasema kwa sauti ndogo:

"Siri yangu imemchekesha sana yule mtoto wa watu."

Nikapiga magoti kando ya kitanda.

"Bibi, sikumwambia. Damu sikuitaja kabisa. Alicheka maneno yangu, si wewe."

Akageuka.

"Mimi nilikupa neno moja tu ulibebe," alisema. "Hukuliona zuri?"

Akavuta blanketi. "Nenda ukamwambie sasa, kabla hajaondoka. Useme kama nilivyosema mimi."

Niliteremka mbio, nimeloa ukungu. Nilimkuta daktari anafunga mizigo. Nikasema Kiingereza cha mtoto: bibi yangu anatoka damu, na anaogopa. Safari hii hakucheka. Aliweka mizigo chini, na jioni ile ile gari la zahanati lilimpeleka bibi hospitali kubwa. Walimpasua, wakatoa uvimbe. Tulikaa naye miaka kumi na moja zaidi, nikamzalia na kitukuu, mama yako.

Mwaka ule ule mvua za kwanza zilitukuta mimi na bibi mlangoni. Ardhi ilikuwa kavu, harufu ikapanda, ile unayoijua. Bibi akafumba macho, akavuta pumzi.

"Wazungu wanaiitaje harufu hii?"

Ulimi uliniwasha nibuni kitu! Nikauzuia.

"Sijui, bibi."

Akatabasamu macho yakiwa yamefumbwa. "Haya. Sasa naweza kukutuma popote."

Asubuhi ya leo ndipo uliponisomea kwenye simu yako: petrichor, harufu ya mvua inapogusa udongo mkavu. Kumbe neno lipo! Nimelisema peke yangu mara nyingi hapa, polepole, nikitamani kumpelekea bibi.

Kesho unakwenda kuanza kazi ya kutafsiri hospitalini. Yapende maneno, mwanangu, uyachezee shambani na hapa kibarazani, nami nitacheka nawe. Lakini mtu akikukabidhi maumivu yake, yafikishe kama alivyokupa, hata kama neno lake ni fupi na wewe unajua refu. Na usilolijua, sema hulijui.

Mungu aulinde ulimi wako. Wagonjwa wakuone watulie, na bibi yangu huko aliko akusikie akubali. Haya, inuka ukaanue nguo, naisikia harufu ya mvua.