Bahari Kwenye Simu

Ijumaa iliyopita bosi alitaka familia yake ikapunge upepo Jeddah, nikawaendesha kutoka Riyadh. Nyuma, katikati ya watoto, alikaa yaya wao, dada wa Likoni, pwani ya kwetu, ambaye kwa miaka mitatu hakuwa ameona maji yanayozidi ndoo.

Alasiri tukafika kwenye gati la matembezi. Dada akashika reli kwa mikono miwili, akavuta pumzi ndefu.

"Kaka, nishikie huyu mtoto kidogo. Nataka kumpigia mamangu."

Simu ilipopokelewa hakusalimia. Aliinyoosha nje ya reli, ikaelekea mawimbi yaliyokuwa yakigonga nguzo, akaiacha hivyo huku akitabasamu. Kisha akaweka spika.

"Umeskia, mama? Ni bahari!"

"Mwanangu," mama akajibu, "bahari n'nayo hapa mlangoni siku zote. Ongea wewe. Nataka sauti yako."

Dada akairudisha simu karibu na mdomo. Akafuta macho kwa ncha ya mtandio.

"Yalla!" madam, mke wa bosi, akaita kutoka kwenye mkeka walipokaa, akitaka tuharakishe.

"Dakika moja, madam," nikasema, na mimi si mtu wa kumjibu madam.

"Nimekula, mama," dada akasema hatimaye. "Wali na kuku." Akaendelea kumweleza hata chumvi ilivyozidi.

Sisi tulio huku hutuma nyumbani picha za maghorofa na magari ya wenyewe, tukidhani ndiyo yanayongojwa. Kumbe kuna mtu anayetaka kujua tu kama wali ulikuwa na chumvi.